Fundi Aliyechinja Picha

Fundi Mbaraka wa Kiegeani, kisiwani Mafia, alikuwa na maradhi mawili, pumu na mlango. Pumu ilimshika kila kipupwe, ikamsulubu wiki mbili, ikaenda zake. Mlango haukumwachia. Watu wa Kiegeani walikuwa wakijenga msikiti wa Ijumaa wa mawe, kuta zimesimama, paa limeezekwa, na pale mahali pa mlango pananing'inia jamvi. Huu ulikuwa mwaka wa nne wa jamvi. Mbuzi waliingia wakatoka bila udhu, na Fundi Mbaraka kila alipowaona alihisi wanamkanyaga yeye.

Baba yake, Fundi Shaibu, alikuwa amechonga milango ya nusu ya nyumba za mawe za Chole. Alichongea matajiri, akachongea forodha, akafa hajachongea nyumba ya Mungu hata kizingiti. Alimwachia mwanawe patasi kumi na moja na uchungu huo. Mbaraka sasa ana miaka hamsini na mbili, na mkono wa fundi haungoji. Akiukosa mlango huu, hapatajengwa msikiti mwingine kabla macho yake hayajaingia ukungu.

Wazee wa msikiti hawakumkatalia. Walisema tu kwamba mlango atachonga fundi atakayeleta mbao zinazostahili. Ni nini kinachostahili, hilo alilisema Sheikh Hamdu bin Abeid, mwenye minazi kuanzia Kiegeani hadi karibu na Baleni, ambaye babu yake alitoka Omani na hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo. Sheikh Hamdu alikuwa mrefu kuliko wanaume wote wa Kiegeani, shingo ndefu, kichwa kidogo, na macho ya kumtazama mtu kama anayetafuta mahali pa kutemea.

"Msaji," alisema. "Nyumba ya Mungu haiwekwi mti mwingine."

Alisema hivyo akijua kwamba msaji, mti wa kuletwa kwa jahazi kutoka Bara Hindi, kisiwani ulikuwa mahali pamoja tu, ghalani kwa Wadachi, Chole. Alijua pia kwamba mpwa wake Hemedi, fundi wa vitanda ambavyo mtu akijigeuza jirani huamka, alikuwa akingoja wengine washindwe.

Basi mgeni njoo mwenyeji apone. Mwaka huo Wadachi walipokuwa wametimiza miaka ishirini kisiwani, alishushwa Chole Mdachi mwembamba mwenye masanduku saba ya karatasi. Alitoka bara ya Lindi, ambako wenzake walikuwa wakichimbua ardhini mifupa mikubwa kuliko mitumbwi. Wao kazi yao kuchimba, yeye kazi yake kuchora. Alikuwa akiitazama mifupa, kisha akimvisha mnyama nyama na ngozi kwenye karatasi, ili watu wa Ulaya wamwone kana kwamba amepita jana sokoni. Watu wa Chole wakamwita Bwana Mifupa. Homa ilikuwa imemshika vibaya, mkono unatetemeka hata kijiko cha uji kinafika mdomoni kitupu, na meli ya barua ilikuwa inatazamiwa baada ya majuma matatu. Lazima ichukue picha sita. Asipozipeleka yeye, kuna mwenzake Ulaya atakayemtangaza mnyama huyohuyo kwanza akiwa na mkia mwingine.

Bwana Mifupa akauona mlango wa forodha. Akauliza nani aliuchonga, akaambiwa ni Fundi Shaibu na mwanawe, na mwanawe yu hai. Mbaraka akaitwa. Akavuka kwenda Chole na kalamu zake za matete, zile alizokuwa akichorea nakshi kabla ya kushika patasi.

"Wewe kuchora mnyama," alisema Bwana Mifupa kitandani. "Mimi kusema, wewe kuchora."

"Mnyama gani, Bwana?"

Bwana Mifupa akamwonyesha picha za mifupa. Akamweleza kwa Kiswahili chake chenye miguu mitatu: mjusi, mkubwa kama nyumba, shingo ndefu kama mnazi mchanga.

"Nani amemwona?"

"Hapana mtu. Yeye kufa zamani sana. Watu bado."

"Hata Nabii Nuhu hakumwona?"

Bwana Mifupa alifikiri. "Kabla ya Nuhu."

Fundi Mbaraka alisema astaghfirullah moyoni, kisha akauliza kuhusu ghala. Bwana Mifupa akaahidi: picha sita zikiwa tayari kabla ya meli, mbao tatu za msaji zitatoka ghalani ziende Kiegeani. Akaandika barua ya boma pale pale, ikapigwa muhuri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Mbaraka akainama.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Jumamosi mnyama alikuwa mvivu wa ziwani, maji yamemfika mabegani. Jumapili Bwana Mifupa aliamka na homa kali akamtoa majini, akamsimamisha nchi kavu. Jumatatu mkia ulikuwa mnene, Jumanne ukakonda. Siku moja alikula majani, siku iliyofuata akaongezewa meno, kisha akanyang'anywa. Mbaraka alistaajabu jinsi elimu ya Ulaya ilivyopanda na kushuka pamoja na joto la mwili. Lakini hakusema kitu, maana mnyama mwenyewe hakulalamika. Aliyekufa kabla ya Nuhu hana wa kumtetea.

Mtu hachori asichokiona, basi fundi akaazima. Ngozi aliichukua kwa kenge, yule mwizi wa mayai ya kuku wa mkewe. Miguu aliichukua kwa viboko wa mabwawa ya kisiwani. Kichwa kilimtaabisha siku mbili. Siku ya tatu mkono ulijiendea wenyewe, na alipoinua kalamu akaona ameshachora kichwa kidogo juu ya shingo ndefu, chenye macho ya kutafuta pa kutemea. Bwana Mifupa alipiga makofi. Alisema hajawahi kuona jicho la mnyama lenye ukweli namna ile.

Lakini lipo jambo moja ambalo Mbaraka hakuliazima kwa mtu. Katika ukoo wa Fundi Shaibu, kiumbe chenye roho hakichorwi kikaachwa hai. Baba alimfundisha hivyo tangu utotoni: Siku ya Kiyama mchoraji ataletewa alichokichora aambiwe, haya, kipulizie roho. Mtu mwenye akili anajitayarishia jibu mapema. Akimaliza kuchora ndege au paa kwenye sanduku la bi harusi, anasema bismillah na kupitisha mstari mmoja kooni. Kilichokwisha chinjwa hakidaiwi roho. Kwa hiyo kila picha ilipokamilika, Mbaraka aliigeuza karatasi kuelekea kibla, akataja jina la Mungu, akamchinja mnyama wa Bwana Mifupa kwa kalamu ya tete. Mstari mweusi, safi, kutoka upande mmoja wa shingo hadi wa pili.

Bwana Mifupa aliuona siku ya kwanza tu.

"Hii nini? Kunjo ya ngozi?"

Mbaraka alisita. Aliwaza kueleza habari za Kiyama kwa mtu mwenye homa.

"Kenge ya hapa naye kuwa na kunjo hii?" aliuliza Bwana Mifupa, macho yanang'aa.

Pwani nzima ilikuwa imeshajifunza kwamba Mdachi akiuliza kwa furaha, jibu ni ndiyo, Bwana, na akiuliza kwa hasira, jibu ni lilelile, ila upesi zaidi.

"Ndiyo, Bwana," alisema Mbaraka.

Bwana Mifupa akaomba karatasi. Kwa mkono ule ule ulioshindwa na uji, aliandika kurasa nne juu ya kunjo la koo la mnyama wa kale, namna alivyolijaza hewa ili kumwita mwenziwe, kama walivyothibitisha wenyeji wenye kuwajua mijusi. Picha zilipofika nne, kurasa zilikuwa kumi na moja.

Habari haina mguu lakini hufika. Ijumaa ya pili, baada ya sala, Sheikh Hamdu aliinuka barazani mwa msikiti akasema kwamba kuna mtu wa hapa Kiegeani anayechora masanamu kwa ajili ya Wadachi, na mtu huyohuyo anataka mkono wake uguse mlango wa nyumba ya Mungu. Hakutaja jina. Alinyoosha kidole tu.

Mambo ya dini pale yaliamuliwa na Maalim Shamte, mwalimu wa chuo, mzee mpole aliyependa haki na kuogopa kelele. Alimwambia Mbaraka alete mojawapo ya hizo picha. Jumamosi asubuhi Mbaraka akaja na picha ya tano, ambayo wino wake ulikuwa bado unakauka, akaikunjua juu ya mkeka.

Baraza zima likainama kutazama. Kisha baraza zima, bila kupanga, likainua macho likamtazama Sheikh Hamdu, likarudisha macho kwenye karatasi. Mtu mmoja alishikwa na kikohozi, ikabidi atoke nje. Maalim Shamte alijifuta uso kwa kilemba.

Sheikh Hamdu aliitazama picha kwa muda mrefu kuliko wote.

"Mnyama ana haiba," alisema mwishowe. "Anaonekana wa asili njema. Lakini sanamu ni sanamu."

"Maalim, tazama kooni," alisema Mbaraka. "Nimemchinja. Wote nimewachinja."

Maalim akaisogeza karatasi karibu na pua, akapitisha kidole juu ya mstari. Ndipo kilipoanza kikao ambacho Kiegeani ilikisimulia miaka mingi. Mmoja aliuliza kama mnyama ni wa majini, kwani samaki hachinjwi, na mstari wake utakuwa hauna maana. Mbaraka akajibu kwamba ni wa majini Jumamosi na wa nchi kavu kuanzia Jumapili. Mwingine akauliza, kama amechinjwa kwa bismillah, je, nyama yake inalika? Wakalijadili hilo hadi karibu na adhuhuri, kwa ukali, watu ambao hawakuwa na nyama yoyote majumbani mwao. Sheikh Hamdu aliuliza kama mchinjaji alielekea kibla. Mbaraka akasema aliigeuza karatasi. Sheikh Hamdu akauliza nani shahidi. Mbaraka akasema ni Bwana Mifupa, naye alikuwa na homa.

Maalim Shamte akakata shauri.

"Picha iliyokatwa kichwa si kiumbe, ni mzoga wa wino," alisema. "Mbaraka hana kosa, na mlango ni wake akileta mbao. Ila kwa sharti. Picha zote sita zitoke na mistari yake. Ikitoka hata moja yenye shingo nzima, ikaenda duniani ikaitwa kazi ya mkono wako, mkono huo hautagusa mlango wetu. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Maalim."

"Meli ikishaondoka nitakuuliza mbele ya watu."

Mbaraka alirudi nyumbani kifua kimefunguka, hata pumu iliogopa. Picha ya sita aliichora kwa siku mbili. Lakini neno la Maalim, zitoke na mistari yake, lilimkaa. Je, huko ziendako akitokea mtu akaifuta? Siku moja kabla ya meli alimkuta Bwana Mifupa ameketi kitini, homa imeshuka, anafunga bahasha. Akaona vyema amwombe ahadi.

"Bwana, ile mistari ya shingoni, naomba isiguswe."

"Haiguswi! Ndiyo kitu kubwa kuliko yote!"

"Alhamdulillahi. Maana ndiyo niliyowachinjia."

Bwana Mifupa aliweka bahasha chini. Akauliza maana yake. Mbaraka, kwa kuwa moyo wake ulikuwa na furaha, na kwa kuwa alidhani mtu aliyesoma vile atafurahi kujua, akamweleza yote: baba yake, Kiyama, roho, bismillah, kibla. Alieleza vizuri. Bwana Mifupa alielewa kila neno, na rangi ikamtoka usoni kuliko siku za homa.

"Na kenge? Wewe kusema kenge naye anayo!"

"Nilisema ndiyo, Bwana. Ulikuwa mgonjwa."

Zile kurasa kumi na moja zilichanwa mbele yake. Kisha Bwana Mifupa akatoa wembe mdogo sandukuni. Mkono wake siku hiyo haukutetemeka hata kidogo. Alizikwangua shingo sita, moja baada ya moja, akapuliza unga wa wino ukaanguka sakafuni, akajazia vijimagamba kwa kalamu yake mwenyewe mahali palipokuwa na mstari. Mbaraka alisimama pale akiwatazama wanyama wake wakifufuliwa. Aliomba, akasihi, akashika miguu ya meza. Bwana Mifupa hakumfokea. Alisema tu kwamba elimu ni elimu, akazifunga picha, na meli ikazichukua.

Alikuwa mtu wa ahadi lakini, hilo asinyimwe. Siku ya tatu mbao tatu za msaji zilifika Kiegeani, ndefu, nzito, zinanukia mafuta yake. Mbaraka alizilaza uani akakaa juu yake, hachongi.

Mkewe, Mwanasiti, alikuwa na akili za haraka.

"Baba Nunu, nani amewaona wakifutwa?"

"Mimi."

"Mwingine?"

"Hapana."

"Basi hawakufutwa. Picha ziko Ulaya. Watu wa hapa, hata Baleni tu wanakwenda kwa kuhesabu siku, nani atakwenda Ulaya kukagua shingo? Maalim atakuuliza, useme ndiyo. Neno moja. Kwa Mdachi ulilisema bure, kwa mlango wako likushinde?"

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomuumiza. Ile "ndiyo, Bwana" aliijua. Ilikuwa imekaa mdomoni mwake miaka ishirini, inatoka yenyewe kama chafya.

Ijumaa ilipofika, baraza lilijaa. Maalim Shamte aliuliza polepole, kwa sauti ya mtu anayetamani jibu zuri.

"Mwanangu Mbaraka, zimetoka na mistari yake?"

Mbaraka alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale ulimini. Aliliona jamvi likipepea mlangoni, akaziona patasi kumi na moja. Kisha akamtazama Maalim, mzee aliyemfundisha alifu na be, ambaye yeye hakuwahi kumdanganya, akaona aibu.

"Hazikutoka nayo, Maalim. Zimekwanguliwa zote sita, nami natazama."

Maalim aliinamisha kichwa, na wote waliona kwamba macho yake yana maji. Aliyesema kwanza ni Sheikh Hamdu.

"Msema kweli ni mpenzi wa Mungu," alisema kwa upole mkubwa. "Mlango atachonga Hemedi."

Na kwa kuwa sharti lilikuwa limesemwa mbele ya watu, Maalim hakuweza kulirudisha mdomoni. Mbaraka akaenda nyumbani, akalala chali saa nane mchana, akalia. Hakujificha. Mwanasiti, ambaye alikuwa ametayarisha maneno makali tangu asubuhi, aliyaacha, akamletea maji.

Jumatatu Sheikh Hamdu alikuja mwenyewe, jambo lisilo la kawaida. Alibisha hodi, akakaribishwa, akaketi. Aliuliza hali, akaulizia pumu, akawasifu kuku. Kisha akazitazama mbao.

"Hizi sasa huna kazi nazo, Fundi."

"Zimetoka kwenye picha zilezile, Sheikh."

"Maalim alisema mkono. Mbao hakuzitaja. Mbao hazina dhambi, tena ukizitoa ni sadaka inayoendelea. Hemedi anazingoja."

Mbaraka alipitisha kiganja juu ya ubao wa kwanza, kutoka ncha hadi ncha. Hasira ilimpanda, ikashuka.

"Nitazitoa kwa msikiti," alisema. "Nipe majuma matatu. Na simama kidogo, Sheikh."

"Nisimame kwa nini?"

"Simama tu, nione."

Sheikh Hamdu akasimama, akidhani anaheshimiwa. Mbaraka alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye makubadhi, kama fundi anavyotazama mti, akamshukuru, akamsindikiza.

Majuma matatu patasi zililia uani pasipo kupumzika. Mbaraka alichonga mnyororo, akachonga mawimbi, akachonga maua ya yungiyungi yaliyofunguka na yasiyofunguka, na pembezoni akazungusha aya ambayo Maalim mwenyewe alimwandikia kwenye ubao. Kila alichokuwa amekihifadhi kwa ajili ya mlango kwa miaka thelathini, alikimimina pale. Wanawake wa jirani walikuja kutazama wakaondoka wanafunika midomo. Hakuchora kiumbe hata kimoja.

Hemedi, aliposikia msaji unakatwa kwa kazi nyingine, alichonga mlango wa mwembe. Sheikh Hamdu aligundua wiki hiyo hiyo kwamba mwembe ni mti uliosifiwa sana na wanavyuoni. Mlango uliwekwa, baadaye mvua za kwanza zikaupinda, na watu wa Kiegeani wakazoea kuingia msikitini kwa ubavu.

Majuma matatu yalipotimia, siku ya Ijumaa, wanaume wanne walikileta kitu cha Mbaraka kimefunikwa shuka, wakakitua barazani. Mbaraka aliiondoa shuka. Lilikuwa jeneza, la kuwabebea maiti wote wa Kiegeani hadi kaburini. La zamani la msikiti lilikuwa na mguu uliofungwa kamba ya usumba wa nazi, na mwezi wa Rajabu lilikuwa karibu limwangushe marehemu njiani. Hili lilikuwa la msaji, limesimama juu ya miguu minne iliyonyooka, nakshi zimelizunguka pande zote, na hapakuwa na kitu kizuri kama kile Mafia nzima, nyumba za Chole zikiwemo. Watu walilishika kwa ncha za vidole. Maalim Shamte alisoma ile aya pembezoni, akazunguka nayo hadi mwisho, akasema jeneza si mlango, na hakuna sharti lililowekwa juu yake, basi limepokewa.

Sheikh Hamdu alilizunguka pia. Alitafuta kasoro, akaipata.

"Mbona refu hivi? Maiti gani wa Kiegeani atalijaza hili?"

"Nililipima kwako, Sheikh," alisema Fundi Mbaraka. "Ukienea wewe, tumeenea sote."